Sindano ya mwezi na daftari la shangazi

Shangazi yangu ana daftari la shule la kurasa 80, lile la bei rahisi lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Analifunga ndani ya mfuko wa plastiki, kisha analiweka kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya shamba na kadi yake ya kupigia kura. Ni daftari la kliniki la mwanawe, binamu yangu, mwenye miaka 41, ambaye anaugua skizofrenia tangu akiwa kidato cha tatu. Mwaka jana msiba ulinipeleka kijijini. Siku ya pili baada ya kuanua tanga, nyumba ilipotulia, nilimwomba shangazi anioneshe daftari hilo.

Kila mstari una tarehe, jina la dawa na saini. Flufenazini, miligramu 25. Wenye wagonjwa huiita sindano ya mwezi. Dawa yenyewe imechanganywa na mafuta, hivyo ikishachomwa hukaa kwenye nyama ikitoka kidogo kidogo, na mgonjwa anayesahau au kukataa vidonge vya kila usiku hukaa vizuri wiki nne hivi. Kwa hesabu ya wiki nne, mwaka una sindano 13. Nilihesabu za mwaka uliopita nikapata 8. Mistari mitatu ilikuwa imeandikwa herufi mbili tu, OS, maana yake dawa imeisha stoo. Mahali pawili hapakuandikwa chochote.

"Hapo mvua ilikata barabara," shangazi akasema, akigusa karatasi kwa kidole. "Na hapa sikuwa na nauli, mwanangu."

Kati ya OS moja na nyingine, binamu aliacha kulala. Usiku wa kumi alivunja mlango wa jirani akisema anamsikia mwanawe analia mle ndani. Hana mtoto. Vijana wa mtaa walimpiga, wakamfunga kamba mikono na miguu, wakampakia kwenye gari la mizigo kama gunia. Alilazwa wiki sita. Shangazi aliuza mbuzi wanne: mmoja wa mlango wa jirani, mmoja wa gari, wawili wa chakula na nauli za kwenda kumwona wodini. Kovu la kamba bado liko kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia, na binamu akiongea nawe hulifunika kwa kiganja.

Mbuzi wanne, mlango mmoja, kovu moja, wiki sita: hiyo ndiyo bei ya sindano ambazo hazikuwepo. Nimelianza jambo hili hapa kwa sababu tunapozungumzia magonjwa ya akili kama tatizo la afya ya jamii, mazungumzo huishia kwenye hospitali kubwa, idadi ya mabingwa na maadhimisho ya Oktoba 10 ambapo tunavaa fulana na kuandamana. Mzigo wenyewe uko uani kwa mama mmoja, na unapungua au kuongezeka kutegemea kama chupa ndogo ya dawa imefika au haikufika karibu na mama huyo.

Kwa miaka mingi wakubwa wa afya duniani walipima ugonjwa kwa makaburi. Malaria ina makaburi, kipindupindu kina makaburi, surua ilikuwa nayo mengi. Kwa kipimo hicho ugonjwa wa akili ulionekana mwepesi, maana ni nadra daktari kuandika neno sonona kwenye cheti cha kifo. Katika miaka ya 1990, Christopher Murray na Alan Lopez, wakifanya kazi na Chuo Kikuu cha Harvard, Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia, walileta mizani nyingine. Walijumlisha miaka inayopotea kwa kufa mapema na miaka ambayo mtu anaishi lakini ugonjwa umemnyang'anya uwezo wa kuishi, kila ugonjwa kwa uzito wake. Walipoitumia kwa takwimu za 1990 na kutoa matokeo mwaka 1996, sonona ilijitokeza nafasi ya nne duniani, nyuma ya nimonia, kuhara na matatizo ya watoto wachanga. Wengi walishtuka. Nadhani akina mama wa vijijini wasingeshtuka.

Binamu yangu yuko hai. Kwenye hesabu ya makaburi hayumo. Lakini tangu akiwa na miaka 17 hajamaliza shule, hajaoa, hajalima shamba lake mwenyewe msimu mzima, na mama yake hajalala nje ya nyumba ile hata siku moja isipokuwa aliposafiri kwa ajili yake. Weka miaka ya wote wawili kwenye mizani hiyo ya Murray na Lopez uone itakavyozama. Na tukumbuke kwamba maradhi haya huja mapema. Nusu ya matatizo ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, na robo tatu kabla ya katikati ya miaka ya ishirini. Huja wakati ada imeshalipwa na mavuno hayajaanza.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970, yaani mtu mmoja kati ya kila wanane, walikuwa wakiishi na tatizo la akili. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania. Ukichukua uwiano huo na kuuweka juu ya sensa unapata zaidi ya watu milioni 7 na nusu. Hayo ni makadirio yangu ya kalamu na karatasi, wala si utafiti. Nayaweka tu ili tuone ukubwa wa jambo. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini mwetu wanahesabika kwa makumi machache. Shirika hilo hilo linasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya watu 75 kati ya 100 wenye matatizo haya hawapati tiba yoyote.

Ilikuwaje tukazoea hali hii? Nadhani chanzo kimoja ni malango. Wamisionari wa Kijerumani walifungua hospitali ya wagonjwa wa akili Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1904. Nairobi ilipata yake mwaka 1910, ambayo leo tunaiita Mathari. Mirembe ya Dodoma ilianza 1927 chini ya Waingereza, na karibu yake ikawepo Isanga kwa wale wanaoletwa na mahakama. Serikali ya kikoloni ilijenga malango hayo kwa ajili ya mtu anayevuruga amani: anayepiga, anayetembea uchi sokoni, anayechoma nyumba. Aliyekaa kimya kwenye kona ya nyumba yake, asiyekula, asiyetaka kuamka, hakumsumbua mkuu wa wilaya, kwa hiyo hakuna aliyemtafuta.

Kutoka kwenye lango kama hilo ukazuka uongo mkubwa wa kitaalamu. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza Mathari kwa zaidi ya miaka kumi, aliandika kitabu kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kuhusu akili ya Mwafrika. Alidai humo kwamba sonona ni nadra miongoni mwetu, na akatafuta sababu katika ubongo wetu na malezi yetu. Alikuwa akiwaangalia waliopitishwa getini tu. Ilipofika mwaka 1979, John Orley na John Wing walichapisha utafiti ambao ulifanya jambo la kawaida kabisa: walikwenda katika vijiji viwili vya Uganda wakawauliza watu majumbani mwao. Walikuta sonona nyingi kuliko ile iliyopatikana kwa kipimo kama hicho Camberwell, mtaa wa London.

Carothers alishakufa, lakini lango lake bado limesimama vichwani mwetu. Tazama tunavyolitumia jina la Mirembe. Mtoto akifanya utundu anaambiwa atapelekwa Mirembe. Mbunge akitoa hoja isiyowapendeza wenzake, mtandaoni wanasema ametoroka Mirembe. Nairobi wanafanya vivyo hivyo kwa Mathari, na Unguja kwa Kidongo Chekundu. Tumegeuza jina la hospitali kuwa tusi, halafu tunashangaa mwanafunzi wa chuo aliyekosa usingizi mwezi mzima anapoogopa kumwambia mtu yeyote. Sijasikia mtu akitukanwa kwa jina la hospitali ya mifupa.

Wengi zaidi ni wale ambao hawatalisogelea lango lolote. Kaa kwenye benchi la zahanati yoyote ya kijijini Jumatatu asubuhi usikilize wanawake wanavyojieleza. Mmoja anasema mwili wote unamuuma. Mwingine moyo unamwenda mbio, kichwa kinapata moto, miguu inakufa ganzi. Usingizi umemkataa. Chakula hakipiti. Ukimwuliza zaidi atakuambia mawazo yamemzidi, au moyo mzito, au hana raha tangu alipojifungua. Neno sonona hulisikii. Limekaa kwenye mabango ya wataalamu na halijashuka vijijini. Mganga wa zahanati, mwenye foleni ya watu 60, anapima malaria, anapima presha, anaandika panado na vitamini. Wiki mbili baadaye mama huyo yuko pale pale kwenye benchi, na safari hii anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Mwaka unapita. Mtoto wake mchanga haongezeki uzito kama inavyotakiwa, kadi ya kliniki inaonesha mstari umelala, na mama analaumiwa kwamba hajui kulisha.

Simlaumu mganga wa zahanati. Hakufundishwa kuuliza maswali matatu ya ziada, na hata angeyauliza, hana pa kumpeleka mgonjwa.

Lakini pa kumpeleka panaweza kutengenezwa, na jirani zetu wametuonesha. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Paul Bolton katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini magharibi mwa Uganda, eneo lililoumizwa sana na ukimwi. Watafiti hawakwenda na neno lao. Waliwauliza wanakijiji kwanza, wakagundua kwamba kwa Kiganda watu wana majina yao ya maradhi hayo: yo'kwekyawa, mtu kujichukia, na okwekubagiza, mtu kujihurumia. Kisha wakawafundisha kwa wiki mbili watu wa kawaida wa maeneo yale, ambao hawakuwa madaktari wala wauguzi, kuongoza vikundi vya mazungumzo. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Walizungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani, mashamba yaliyonyang'anywa, maisha yaliyobadilika ghafla. Mwishoni, katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, waliobaki na vigezo vya sonona walikuwa watu kama 6 au 7 kati ya 100. Katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi walikuwa 55 kati ya 100.

Nilipozisoma tarakimu hizo mara ya kwanza nilirudi nyuma nikazisoma tena. Hakuna kidonge kilichotumika pale. Zimbabwe nao wana mabibi wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, kazi iliyoanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, na utaratibu huo umeshavuka hadi Zanzibar. Sisi watu wa vikoba, wa vikundi vya kuzikana, wa ngoma za kina mama na kwaya za mtaa, tunaelewa kukutana kila wiki kuliko mataifa mengi. Kinachokosekana ni mtu mmoja aliyefundishwa katika kila kikundi, na halmashauri iliyotenga posho yake.

Hapa kuna jambo ambalo wataalamu wenzangu wa kalamu huliandika kwa dharau, nami sitaki kuliandika hivyo. Familia nyingi huanza kwa mganga wa kienyeji, kwa shehe au kwa mchungaji. Shangazi yangu alianza huko. Alikunywa makombe pamoja na mwanawe, alikesha kwenye maombi siku saba, alilipa ng'ombe kwa mtaalamu aliyesema kijana ametupiwa majini na ndugu wa baba. Nilimuuliza kwa nini hakuanzia hospitali. Akanijibu kwamba yule mtaalamu alikuwa jirani, alikuja nyumbani, aliketi mkekani na kusikiliza mpaka jua likazama, na alikuwa na jibu. Hospitalini walimuuliza jina, umri na dini, wakampa vidonge. Ukiyasikia hayo huwezi tena kusema kwamba watu wetu ni wajinga. Wanakwenda wanakosikilizwa.

Ninachokikataa bila kumung'unya maneno ni kamba na minyororo. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo katika nchi 60 hivi, majirani zetu Kenya wakiwemo. Wengine wamefungwa kwenye miti na vibanda vya uani na watu wanaowapenda, kwa sababu mama akienda shambani hana mwingine wa kumwachia mgonjwa. Wengine wamefungwa kwenye nyumba za maombi na za waganga kwa malipo. Mganga anayesikiliza, na akiona mambo yamemzidi akamwandikia mgonjwa aende zahanati, ni msaada kwa jamii. Anayefunga mtu kwenye kisiki na kumnyima chakula ili pepo litoke anatenda kosa la jinai, na kijiji kizima kinamjua anapoishi.

Nirudi kwenye sindano, maana ndiyo imenikalia moyoni.

Niliwahi kuwasindikiza shangazi na binamu kliniki. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa bodaboda hadi barabara kuu, tukapanda basi dogo, tukamalizia kwa miguu. Hospitali siitaji; wanaofanya kazi pale nimeona wanajitahidi. Kliniki ya akili ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, baada ya stoo, na siku yake ni moja tu kwa wiki. Tulisubiri mpaka saa sita mchana. Muuguzi, mama mtu mzima, alimwita binamu kwa jina akamuuliza kama mahindi yameota. Alichukua kile kichupa kidogo cha kioo akakiviringisha kati ya viganja vyake viwili mpaka mafuta yakalainika, akavuta kwa sindano nene, akamchoma polepole kwenye kalio, akaandika kwenye daftari. Dakika nne. Kwa ajili ya dakika nne hizo tulikuwa njiani na kwenye benchi kwa muda wa karibu saa kumi. Nauli ya mtu mmoja ni shilingi 7,000 kwenda na 7,000 kurudi, nao husafiri wawili, hivyo ni 28,000. Zidisha mara 13: shilingi 364,000 kwa mwaka, kwa mama anayeuza vitumbua. Kwa sera ya nchi dawa yenyewe ni ya msamaha. Umbali hauna msamaha.

Sasa tazama zahanati ya kijiji cha shangazi. Kutoka mlangoni kwake hadi mlangoni kwa zahanati ni hatua 430. Nilizihesabu asubuhi niliyokuwa naondoka. Pale kuna muuguzi ambaye kila siku anawachoma akina mama sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Nayo ni dawa inayokaa mwilini ikitoka kidogo kidogo. Nayo ina tarehe ya kurudi. Muuguzi ana rejesta, anajua nani amepitiliza, na akikutana naye kisimani anamkumbusha. Kazi ya mikono ni ile ile: kichupa, sindano, nyama, tarehe. Anayeweza kumchoma mama sindano ya miezi mitatu anaweza kumchoma binamu yangu sindano ya wiki nne, akishafundishwa dalili za kuangalia, hasa shingo kukakamaa, mikono kutetemeka na mate kutiririka, na dozi ya kutuliza dalili hizo.

Mtu ataniambia dawa za akili ni kali, ziachwe kwa wataalamu. Hoja hiyo hiyo tuliisikia kuhusu dawa za kufubaza makali ya virusi vya ukimwi. Mwaka 2004 mpango wa taifa wa tiba na matunzo ulipoanza, dawa hizo zilikaa kwenye hospitali kubwa, na watu walisafiri kutwa nzima kuzifuata. Leo ziko hadi zahanati. Kuna mhudumu wa ngazi ya jamii anayebisha hodi kwa aliyekosa tarehe yake. Kuna rejesta inayomfuata mgonjwa akihamia mkoa mwingine. Tulijenga mfumo mzima wa kumfuata mtu mwenye ugonjwa wa kudumu mpaka mlangoni kwake, na tukaujenga katika nchi maskini. Mfumo huo upo, umesimama, wala hauhitaji kubuniwa upya kwa ajili ya mwenye skizofrenia.

Isitoshe, tulishajaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, Tanzania iliendesha mpango wa afya ya akili katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kuwafundisha wahudumu wa ngazi ya chini kuwatambua na kuwatibu wagonjwa karibu na makwao. Tulikuwa mbele ya nchi nyingi za Afrika. Hata kabla ya hapo, Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960 miongoni mwa Wapogoro, kwa vidonge vya bei ndogo vya fenobabito, na watu waliokuwa wakitengwa wasile sahani moja na ndugu zao wakarudi kuketi na wenzao. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, ila kwetu kimekaa kliniki moja na magonjwa ya akili, kinakosa dawa siku zile zile na kinasingiziwa mapepo yale yale. Tatizo letu ni kwamba kazi njema huanza kama mradi. Fedha za wafadhili zikiisha, aliyefundishwa anahamishwa, na kabati linarudi kuwa la panado na dawa za minyoo.

Serikali zote duniani zinashiriki aibu hii; kwa wastani afya ya akili hupata senti 2 katika kila shilingi ya bajeti ya afya. Kwetu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mijadala ya kitita cha huduma inaendelea kuwagusa watu wengi. Ningependa kuona mbunge mmoja, wa chama chochote, anasimama kuuliza swali dogo: sindano ya mwezi itapatikana kwenye zahanati ngapi za jimbo langu, na miezi mingapi kwa mwaka?

Na kuna sheria nyingine inayotakiwa kuguswa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Ni kifungu tulichorithi kutoka kwa Waingereza, ambao wenyewe walikifuta chao mwaka 1961. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilikitamka kifungu kama hicho, cha 226, kuwa kinapingana na katiba. Huku kwetu, mama akimfikisha kijana wake hospitali usiku, jambo la kwanza analofikiri ni polisi. Atasema ilikuwa ajali. Daktari atatibu ajali. Kijana atarudi nyumbani na maumivu yale yale, bila mtu kumuuliza kilichomfikisha pale, na takwimu ya taifa itaandika ajali. Kila anayesoma hapa na ana mtu nyumbani anayesema amechoka kuishi, asimwogope wala asimkemee: akae naye, amsikilize, asimwache peke yake, ampeleke hospitali yoyote iliyo karibu. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kufa hakumpandikizii wazo hilo.

Tena watu wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, wengi wao kwa maradhi ya mwili yanayotibika: kifua kikuu, kisukari, moyo, vidonda. Binamu aliwahi kupata kidonda cha mguu kilichooza. Alikwenda kituo kimoja cha afya mara mbili, na mara zote mbili mtu wa mapokezi, alipoona daftari, alimwambia asubiri siku ya kliniki ya akili. Mguu ulikuwa unanuka. Shangazi alimwosha kwa maji ya chumvi na majani mpaka wiki iliyofuata. Mguu ulipona, lakini anachechemea.

Siku hizi goti la shangazi limevimba na hawezi kupanda bodaboda. Anayemsindikiza binamu kliniki ni mjukuu wa miaka 12, darasa la sita, ambaye siku hiyo haendi shule. Mwalimu ameshaita mara mbili. Binti huyo anajua dozi, anajua jina la muuguzi, anajua namna ya kumtuliza mjomba wake kwenye basi akianza kuongea peke yake na abiria wakaanza kusogea. Anaandika vizuri kuliko daktari. Tarehe tatu za mwisho kwenye daftari, zile ambazo muuguzi alimtajia kwa mdomo, ni mwandiko wake.

Wiki iliyopita shangazi alinipigia simu. Alikuwa amekwenda zahanati, zile hatua 430, kuomba dawa ya kuchua goti. Muuguzi wa pale ni binti wa miaka 26, ameajiriwa mwaka jana. Shangazi alikuwa na daftari mkononi, akamwonesha. Binti alilifungua ukurasa kwa ukurasa, akauliza OS hizi zilikuwa za miezi gani, kisha akasema chuoni walifundishwa kuichoma sindano hiyo na aliifanyia mazoezi kwa vitendo, ila tangu aripoti kazini hajawahi kukiona kichupa chake kwenye kabati lile.

"Bibi," alimwambia, "dawa ikifika hapa, mimi nitamchoma."